Pavé Haiingie mu Enveloppe

Weye unaweza kununua jiwe ya barabara bila kuigusa? Juzi nilikuwa ku bureau moja ya muji, naleta demande d'emploi yangu, barua ya kuomba kazi, ya mara sijui ngapi. Mbele yangu, mama mumoja wa mutaa wa Kikula akatua beseni pa guichet, dirisha ya agent. Ndani mulikuwa pavé moja, jiwe ya kutandika barabara. Yeye na benzake banatengeneza pavés mu parcelle, pa nyumba yabo, na muji inatafuta watu ba kuleta pavés ya barabara. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi.

"Mama, haiwezekane," agent akasema bila kuinua macho. "Kila kitu inaingia mu enveloppe fermée, ya kufungwa. C'est le règlement, ni sheria."

"Papa, pavé itaingia mu enveloppe namna gani?"

"Bengine balifanya vizuri." Akagonga kidole yulu ya enveloppes tano, nyembamba kabisa.

"Na pavés yabo iko wapi?"

Mama akaacha pavé pale, akaenda na beseni tupu. Agent akaisukuma na kidole, haikutikisika.

Bakubwa ba muji, minye nasema hivi: mbele ya kufungua hata enveloppe moja, muweke pavé ya kila mumoja chini, siye bote tukiangalia, na camion nzito ya madini ipite yulu.