Alivyoogopa Kumbeba Mwanetu

Mume wangu alikuwa mpishi melini. Aliniacha kijijini kwetu Munje nina mimba changa, na aliporudi, katikati ya miaka ya hamsini, binti yetu alikuwa ameshaanza kukaa. Muda wote huo nilipata barua moja tu, iliyoandikwa na mwenzake kwa niaba yake: alianguka kifafa melini, akashushwa London, akapasuliwa kichwa, sasa hajambo.

Siku aliyorudi nilimnyooshea mtoto. Akarudi nyuma.

"Usinipe," alisema. "Nitamdhuru."

Nililia jikoni asinione. Siku ya tatu, nikimwosha kichwa uani, ndipo aliponieleza. Madaktari walijua ana uvimbe kwenye ubongo, lakini hawakujua uko upande gani. Wakamdunga dawa yenye miale isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa uvimbe huivuta dawa hiyo kuliko sehemu zisizo na ugonjwa. Kisha wakampitishia chombo kichwani, polepole, kikawa kinalia kila kilipoipata miale. Juu ya sikio la kushoto kililia mfululizo. Wakatia alama ya wino, na hapo ndipo walipopasua.

"Aliyenidunga alivaa glavu nzito," alisema. "Mtu mzima ameiogopa dawa ile, nami bado ninayo mwilini. Mtoto je?"

Kovu lake lilikuwa laini chini ya vidole vyangu, nikaendelea kuosha.

Kesho yake tulikwenda hospitali ya Msambweni, mimi na mtoto mgongoni. Alikuwa na karatasi ya Kiingereza kutoka London, ambayo hakuwa amempa mtu yeyote aisome. Tabibu aliisoma mara mbili.

"Dawa hii huisha nguvu yenyewe, siku hadi siku," alisema. "Yako ilikwisha zamani, bwana, hata kabla hujapanda meli ya kurudi."

"Yote?"

"Yote. Mbebe mwanao."

Aliomba sabuni kwanza. Akanawa hadi viwikoni, akajifuta kwa kanzu, akaketi kwenye benchi na kunyoosha mikono. Mtoto alimshika pua, akaing'ang'ania. Mume wangu akacheka huku machozi yanamtiririka, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakatazama pembeni kwa heshima.

Alimbeba njia nzima hadi Munje. Kila nilipotaka kumpokea, alisema bado hajachoka.

Baharini hakurudi tena. Tangu apasuliwe, yako maneno yaliyompotea moja kwa moja. Kijiko alikiita ufunguo hadi uzeeni, na sisi nyumbani tukazoea kumpa kijiko kila alipoomba ufunguo.