Taa Nyekundu ya Pikipiki ya Bwana

Juzi hapa Eldoret kijana wa bodaboda alizungusha ufunguo, taa nyekundu ikawaka, nami nikaruka nyuma.

"Mama, hiyo haina shida," alisema. "Injini ikinguruma inazima yenyewe."

Kweli ikazima. Nilikataa kupanda, kwa hasira ambayo yule kijana hakuielewa.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nilikuwa nimempelekea baba uji kwenye shamba la mzungu aliyemfanyia kazi, tuliyemwita Bwana, huko Soy. Baba alikuwa amemaliza kuosha pikipiki mpya ya Bwana, na uwanja mzima ulinuka sabuni na petroli. Bwana alikuja akazungusha ufunguo, taa nyekundu kama ile ikawaka.

"Wewe naharibu pikipiki yangu!" alifoka, akamzaba baba kofi. "Tengeneza!"

Baba alivua shati, akapiga magoti kwenye matope, akakausha nyaya moja moja kwa shati hilo, huku Bwana akimsukuma mgongoni kwa buti. Taa iliendelea kuwaka. Mimi nilidhani ni jicho la Bwana, limeona kosa la baba, na nikaliomba kimoyomoyo limsamehe.

Mwishowe Bwana alichoka kungoja, akaipiga kiki. Pikipiki ikanguruma, taa ikazima. Akaondoka, akituachia moshi.

"Imepona," baba alisema, akivaa shati lake lililoloa mafuta.

Imepona nini? Haikuwa imeugua! Mjinga yule hakuijua pikipiki yake mwenyewe, akamlipiza baba ujinga wake. Na mimi nilisimama pale na uji uliopoa, nikiishukuru taa kwa kumhurumia baba yangu.