Paka wa Mama na Vitunguu Vyangu

Sijawahi kupenda paka. Nasema mapema ili mtu asidhani nilimchukua kwa roho safi. Mama alipofariki kule Burnt Forest, ndugu zangu waligawana ng'ombe, pampu ya kunyunyizia dawa na viti vya sebuleni. Mimi, kwa kuwa sina mume wala shamba, niliachiwa paka. Nilimtia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa matundu, nikarudi naye chumbani kwangu mtaa wa Huruma. Nilibeba pia mfuko wa vitunguu niliokuta stoo, karibu vyote vikiwa vimeota majani. Vilikuwa vyangu. Kila nilipokwenda kumwona Mama nilimpelekea vitunguu, naye alinishukuru, akaviweka, asivitumie.

Huo ulikuwa ugomvi wetu wa miaka miwili. Mama ndiye aliyenifundisha kwamba chakula kinaanza na kitunguu kwenye mafuta moto. Kisha uzeeni akaanza kuchemsha kila kitu, nyama, omena, viazi, bila chumvi, bila nyanya. Nilidhani ulimi wake umekufa, au ni ubahili tu. Mara ya mwisho kumtembelea alinipakulia kuku wa mchuzi mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilionja kijiko kimoja, nikasukuma sahani.

"Mama, hiki ni chakula cha paka."

Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi niwaachie wenyewe. Niliondoka na njaa na hasira, nikanunua chipsi barabarani.

Huku Huruma paka alikataa kula. Siku ya kwanza nilimpa ugali na maziwa, akanusa, akageuka. Siku ya pili nilimpa omena kavu, akanusa, akaingia chini ya kitanda. Siku ya tatu nikaogopa. Ndugu zangu walikuwa wameshauza ng'ombe, kwa hivyo huyu ndiye kitu pekee cha Mama kilichobaki kikipumua. Niliinama nikamwambia waziwazi, "Wewe usinifie hapa. Ukinifia tutakosana."

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa mitumba, alinicheka. "Si umpikie! Amezoea jiko la mama yako, wewe unamrushia vitu vikavu kama kuku."

Nilikwenda buchari nikaomba mapafu. "Ya mbwa?" mwenye buchari akauliza. "Ya mgeni," nikamjibu, maana sikupenda alivyouliza. Nikarudi, nikakata vitunguu viwili kati ya vile vya Mama, nikavikaanga mpaka vikawa kahawia, nikatia nyanya, nikatia mapafu. Kwetu huwezi kumchemshia mgeni chakula kitupu, ni kama kumwambia aondoke. Ploti nzima ya wapangaji ilinukia. Paka alitoka chini ya kitanda peke yake, akala, akalamba sahani mpaka ikasogea ukutani. Aki nilijivuna! Nilimwambia, "Afadhali wewe una ulimi." Siku zilizofuata nikamkaangia maini, kisha matumbo, kisha omena, na kila mara vitunguu viwili. Nilitaka viishe kabla havijaoza.

Vilipokaribia kuisha, paka aliacha kuruka dirishani. Alilala akihema haraka, na mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Nilimrudisha kwenye katoni, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Kwenye foleni mbele yangu walikuwepo wakulima wawili waliokuja kuulizia dawa ya ng'ombe, na waliniangalia vile watu huangalia mtu aliyekosa kazi.

Daktari alimfunua paka mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Mama, anakula nini huyu?"

"Chakula kizuri. Maini, matumbo. Nampikia mwenyewe."

"Unampikia na nini?"

"Na kitunguu. Kwani watu hupika na nini?"

Akaweka kalamu chini. Aliniambia, bila kunikaripia, kwamba kitunguu kinaharibu damu ya paka, kiwe kibichi au kimekaangwa. Nyama ichemshwe tu, itolewe mifupa, bila chumvi wala viungo. Alimdunga sindano, akasema tungoje, hawezi kuniahidi kitu. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu jirani wa Mama, mzee mwenzake wa kule Burnt Forest, nimuulize huyu paka alikuwa akilishwa nini hasa.

"Huyo? Huyo alikuwa anakula sufuria moja na mama yako," akasema. "Kwani hukujua? Paka wake wa kwanza alikufa kwa vitunguu, daktari akamwambia. Na mikono ilikuwa inamuuma, hakuweza kupika mara mbili. Akaamua wale kitu kimoja."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia vipi, mwanangu? Alijua hupendi paka. Na vile vitunguu ulikuwa unavibeba na furaha."

Nilimshukuru, nikakata simu.

Nilitupa vitunguu vilivyobaki. Nilichemsha kuku bila kitu chochote, nikamchambua nyama kwa vidole, nikaipoza, nikaisukuma chini ya kitanda. Hakula siku hiyo. Kesho yake alilamba mchuzi. Siku ya nne alitoka mwenyewe, akiyumba, akala vipande vitatu, akapumzika, akala vingine viwili. Nilimfunua mdomo na fizi zilikuwa zimeanza kurudisha rangi.

Kwenye sufuria kulikuwa na kilichobaki. Nilichukua kijiko, nikakaa sakafuni karibu naye. Chakula kilikuwa kile kile alichonipakulia Mama siku ile, mchuzi mweupe, kisicho na ladha hata ya kusingizia. Nilikula nikilia, na nikakimaliza chote.