Kofia ya Mume Wangu wa Runinga

Mume wangu wa runinga alikuwa na kofia ya kahawia iliyopinda ukingo, na kofia hiyo ilikuwa na sheria yake. Akifika mlangoni, yaani mlango wa mbao uliosimamishwa katikati ya studio kule Nairobi bila ukuta wowote kuuzunguka, aliivua akaishika kifuani. Kisha akabisha mara tatu. Mimi nilikuwa upande wa pili, mikono kiunoni, nikauliza, "Umekula ulikotoka?" Naye akajibu kwa sauti ya mtu aliyenyeshewa siku nzima, "Nimekula upepo, mama." Hapo nikafungua, naye akarudisha kofia kichwani, na kipindi kikaishia hapo. Tulifanya hivyo miaka minne na watu hawakuchoka.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haivai akiwa bado nje, maana taa zilimchoma upara. Alinitazama kama mwanafunzi mzito wa kuelewa. "Mtu hajafunguliwa mlango," akasema, "atavaa kofia aende nayo wapi?" Niliona ni madoido tu. Mimi nilikuwa mwalimu, niliyeokotwa kwenye tamasha la michezo ya kuigiza ya shule nikiwa nimeleta watoto wangu kushindana, na sikuwa na subira na madoido.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Runinga ilikuwa na stesheni moja, kwa hiyo ukionekana, umeonekana na nchi nzima. Sote wawili tulitoka huku ziwani. Yeye kwao ni Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, na mimi niliishi Kisumu kwenye nyumba za reli, kwa sababu mume wangu wa kweli alikuwa gadi wa treni. Kila wiki ya pili yule mwigizaji alifika kwetu mapema, akala, wakabishana na mume wangu habari za mpira, kisha tukapanda treni kwenda kurekodi. Hakuja mikono mitupu. Mke wake alimpa kimfuko cha mchele mpya aniletee, pamoja na salamu zisizobadilika: "Mwambie nyieka nimemsalimia." Nyieka kwa Kijaluo ni mke mwenza. Tulipokutana ana kwa ana aliniita hivyo hivyo bila kucheka, kisha akacheka.

Kipindi kilikufa bila mazishi. Mdhamini alijiondoa, wakubwa wakasema wananchi wanataka kitu kipya, na hakuna aliyekumbuka kutuandikia. Tulifika studio siku ya kurekodi tukakuta mlango wetu umelazwa juu ya madebe mawili, fundi anachanganyia rangi juu yake. Mwenzangu alivua kofia. Nilidhani anafanya mzaha, nikamwambia twende.

Tangu siku hiyo kila mmoja alishika njia yake. Yeye aliichukua kazi ile ile akaitembeza. Duka likifunguliwa, yupo. Harambee ya kanisa, yupo. Aliomba mlango popote, hata wa stoo ya mahindi, akachagua mama mmoja kutoka kwa watu akamfundisha swali, basi watu wakavunjika mbavu. Mimi nilimwona ameridhika na makombo. Nilijua nina uwezo mkubwa kuliko kusimama nyuma ya mbao nikiuliza habari za chakula, na nilitaka watu waujue. Nisidanganye: nilitaka waujue upesi, kabla sijazeeka.

Nilikusanya vijana sita, tukawa tunazunguka kwenye shule za sekondari tukiigiza tamthilia zilizokuwa zikitahiniwa. Tulianza na shule iliyo karibu na Kisian, tukaenda mbele. Sehemu yangu ilikuwa ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amenyongwa. Mwandishi hakumpa yule mama maneno. Aliandika tu kwamba anasimama. Nilifanya mazoezi ya kusimama huko mwezi mzima, sebuleni kwangu, mpaka mume wangu akawa anapita ukutani asinivurugie.

Lakini njiani, kila mahali kulikuwa na lile swali. Kibuye sokoni mwanamke anapima omena, akiniona tu anauliza nimekula nilikotoka. Kondakta anauliza. Padri aliniuliza baada ya misa. Nilitabasamu meno tu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami niliona nimeshaoga vya kutosha na natafuta taulo.

Ndipo tukaenda shule moja ya wasichana upande wa Maseno. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Onyesho la tatu likafika, nikaletewa habari ya mwanangu, nikasimama. Ulikuwa ni ule ukimya niliokuwa nikiutafuta maisha yangu yote. Niliusikia ukikaa. Msichana mmoja wa mbele alishika mkono wa mwenzake. Kisha kutoka nyuma kabisa sauti ikauliza, polepole, kwa lafudhi yangu mwenyewe, "Umekula ulikotoka?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walimu walicheka, mpishi aliyekuja kuchungulia akacheka akijishikilia kwenye fremu ya mlango. Kijana aliyeniletea habari ya kifo, mwigizaji wangu mwenyewe niliyemfundisha, aligeuza uso mabega yakitikisika. Tulimaliza mchezo kwa sababu lazima mchezo umalizike.

Mwalimu wa fasihi alinisindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa mtu mpole, ndiyo maana iliniuma. "Madam, kazi yenu ni safi," akasema. "Lakini mwakani hii sehemu ya mama mpatie mtu mwingine. Wewe watoto wanakujua sana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Sikumchukia yule msichana. Nilimchukia mwenzangu, aliyekuwa akiendelea kulipigia tarumbeta lile swali kote uwanda wa Kano na mjini Kisumu, kana kwamba ananichimbia kaburi na kulimwagilia maji. Na wiki hiyo hiyo alikuwa ametuma habari kupitia kwa mume wangu: hoteli moja ya ufuoni inataka waigizaji wa Jumapili alasiri, lakini wanatutaka wawili. Peke yake hawamtaki. Angekuja Jumamosi tuzungumze.

Alikuja adhuhuri. Mume wangu alikuwa safarini. Nilikuwa nasonga ugali niliposikia watoto wa nyumba za reli wakikimbia wakilitaja jina lake la kwenye runinga, nikajua. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa amevaa koti lake la kwenye kipindi, pana, la mirabaraba, viwiko vimeng'aa kwa uchakavu, na kofia iko kifuani. Akabisha mara tatu.

Sikufungua. Nilisimama na mwiko mkononi, hatua mbili kutoka mlangoni. Watoto walikuwa wakinong'onezana, wakingoja swali. Akabisha tena. "Mama, muulize!" mmoja akapiga kelele. Sikumuuliza. Basi yeye, bila kuulizwa, akajibu: "Nimekula upepo, mama." Lakini jibu hilo hakulisema kwa ile sauti ya kuigiza. Alilisema kwa sauti aliyokuwa akiniombea nayo chumvi mezani.

Watoto walicheka hata hivyo. Alingoja kidogo, kisha nikamsikia akiwaambia, "Leo mama hayuko. Nendeni mkacheze." Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Ugali uliungua mpaka sufuria ikabidi niiloweke siku mbili, na mume wangu aliporudi akauliza kulitokea nini, nikamwambia mkaa ulikuwa mwingi.

Nilijiambia nitamwandikia barua. Nilijiambia nitakwenda Ahero baada ya mitihani, halafu baada ya mavuno. Mtu akijua amekosa, kalenda yake huwa na mambo mengi. Msimu wa mvua ndefu ukafika, na ndipo mume wangu akarudi kutoka stesheni akiwa na habari. Mwenzangu alishikwa na kifua, akalazwa, hakukaa sana. Mume wangu aliniambia hayo akiwa amesimama, maana hakujua akae wapi.

Siku ya kuuleta mwili nyumbani uwanda wa Kano ulikuwa umefurika. Gari lilisimama barabarani Ahero, na wanaume wakajiandaa kulibeba jeneza mabegani kupitia majini. Sisi tulitangulia, tumekunja nguo hadi magotini, viatu mkononi. Boma lilikuwa kwenye kijimwinuko, limejaa watu, na wengi wao sikuwajua, lakini wao walinijua. Njia ilifunguka mbele yangu. Wanawake wazee walinishika mikono wakalia, nami nikalia nao, nikashangaa jinsi wanavyonionea huruma kuliko nilivyostahili.

Nilielewa shangazi yake alipokuja na shati limekunjwa vizuri. Kwetu huku mjane huvaa nguo ya marehemu mumewe wakati wa matanga, koti au shati lake, ili ijulikane. "Mwanangu, chukua," akasema. "Mkubwa amepata koti. Wewe mdogo, hii shati ndiyo yako."

Miaka minne walikuwa wameniona kwa macho yao nikimfungulia mlango mtoto wao, nikimgombeza, nikimpakulia. Mke mkubwa yuko shambani, mdogo yuko mjini. Wanaume wangapi wa pale hawakuishi hivyo? Hawakuona ajabu yoyote, ila tu kwamba sikuwahi kuja kusalimia. Kulivaa lile shati mume wangu akiwa hai ni mwiko ambao hata wasomi hawauchezei. Kulikataa mbele ya watu wote ilikuwa kumkana marehemu nyumbani kwake.

Mume wangu alijipenyeza kati ya wanaume, maji yakimtiririka kwenye suruali ya reli. "Mama, samahani," akasema. "Huyu ni wangu. Na mimi bado napumua."

Shangazi alimpima kutoka juu hadi chini. "Na wewe ni nani? Wewe hatujawahi kukuona kwa tivii."

Sijui tungefika wapi kama mjane mwenyewe hangetoka. Alikuwa mwanamke mwembamba, na lile koti la mirabaraba lilimmeza, mikono imempita vidole. Alilichukua shati kutoka kwa shangazi, akalikunja upya, akasema, "Wacha, mama. Huyu mimi ndiye najua mambo yake." Akanishika akaniingiza ndani ya nyumba, akasukuma mlango nyuma yetu.

Ndani viti vilikuwa vimetolewa ili kuacha nafasi. Kofia ilining'inia kwenye msumari, karibu na picha ya harusi yao. Aliniona nikiitazama.

"Ile siku alikuja kwako," akasema, "alirudi nayo mkononi. Kutoka Kisumu mpaka hapa. Jua ilikuwa kali ile mbaya, na upara yote imeungua. Nikamuuliza, nyieka amesemaje? Akaniambia hakukupata nyumbani."

Hakuwa akinisuta. Laiti angenisuta. Ningeweza kunyamaza, na ule uongo mdogo wa mtu mwema ungenifunika mpaka leo.

"Nilikuwa ndani," nikasema.

"Najua," akasema. "Huyo mtu alikuwa anajua kudanganya watu wengi. Mtu mmoja alikuwa hawezi."

Nilitaka kumweleza habari za Maseno, za yule mama na mwanawe, za ukimya. Nilisema tu kwamba naomba anisamehe, nikalia bila ustadi wowote, kamasi na yote, naye akanipangusa kwa mkono wa lile koti kama mtoto. Nje wimbo wa kanisa ulianza kusogea kutoka barabarani, na chini yake sauti ya miguu mingi ikikanyaga maji.

"Wanafika," mjane akasema. Akapiga hatua kando, akanionyesha mlango. "Shika hapo. Hiyo ni kazi yako."

Nikasimama nyuma ya mlango. Wabebaji walifika kizingitini wakakuta umefungwa, wimbo ukayumba, nikamsikia mchungaji akiuliza kuna nini. Ndugu wa marehemu, aliyefanana naye kwa sauti, alisema, "Ngojeni." Akabisha mara tatu.

Nikauliza, "Umekula ulikotoka?"

Haikuwa sauti ya kipindi, wala ile ya mama wa tamthilia. Sikujua ilikuwa ya nani. Bibi mmoja huko nje akacheka, kicheko kimoja chembamba kilichomtoka kabla hajakizuia, na boma zima likamfuata. Walicheka huku wanalia. Nilisikia jeneza likigonga mlango kwa jinsi mabega yalivyotikisika. Mjane pembeni yangu alijiziba mdomo kwa mkono wa koti na machozi yakimshuka, anacheka. Ni watu wale wale wa Kibuye, wa ukumbini, wa kila mahali nilipowachukia, na sikuwa na hasira nao hata kidogo.

Nilingoja jibu, kwa kadiri ileile tuliyoizoea sisi wawili. Halafu nikafungua.

Wakamwingiza, miguu yao ikichirizika maji sakafuni, wakamweka katikati. Nikaitungua kofia kutoka msumarini, nikamwekea juu ya jeneza, upande wa kichwa.