Siku Kumi na Mbili za Kudunga Manyoya

Kwa siku kumi na mbili, asubuhi na jioni, nilidunga manyoya. Si paka, manyoya ya paka. Sindano iliingia upande huu ikatokea upande ule, dawa ikamwagika mgongoni, nami nikampapasa mgonjwa kichwani nikamwambia pole, imeisha. Paka aliniangalia kama karani anayesubiri nimalize kudanganya. Nadhani yeye alijua.

Nayaandika mwenyewe mapema, maana kutoka kwetu hadi Silibwet hakuna ambaye hajaisikia habari hii, na kila anayeisimulia anaongeza sindano moja.

Paka ni wa mke wangu. Mke wangu ni mwalimu, na tangu apelekwe shule moja ya Kipkelion anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wa kukaa ni mimi. Nina chai kidogo, ng'ombe mmoja, na magoti yasiyopenda safari. Wanaume wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi jirani alinibatiza Baba Paka, na siku hizi hata karani wa kituo cha majani ya chai ananiita hivyo akinipimia kilo.

Ugonjwa ulianza na maji. Paka ambaye zamani aliyagusa maji kama mtu anayeonja sumu alihamia kwenye ndoo ya ng'ombe. Anakunywa, anakojoa, anarudi. Anakula ugali na omena wa kumtosha mbwa, na bado mgongo ukawa kama msumeno. Nikasema ni minyoo. Nikanunua dawa ya minyoo. Halafu sisimizi wakaanza kupanga foleni pale anapokojoa nyuma ya jikoni, nami, mtu aliyemaliza kidato cha nne, nikawamwagia majivu. Sikujiuliza wanatafuta nini kwenye mkojo.

Aliyejiuliza ni daktari wa mifugo, siku aliyokuja kumpandikiza ng'ombe mbegu. Alimaliza kazi, akavua ile glavu yake ndefu, akamtazama paka pale ndooni.

"Mzee, hii paka inashindana na ng'ombe?"

Alikuwa na kimashine cha kupima sukari kwenye begi, kile anachompimia mama yake. Alichoma ncha ya sikio la paka, akapata tone moja la damu, akangoja, akapiga mluzi. Nikacheka. Nikamwambia paka wa nyumba hii hajawahi kuwa na pesa za kupata ugonjwa wa matajiri. Yeye hakucheka. Alisema bila insulini sitafika naye mwezi ujao. Tayari miguu ya nyuma ilikuwa imelegea, anatembelea visigino. Ale kwanza, akasema, kisha nimdunge yuniti moja chini ya ngozi, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Akikataa chakula, nipige simu kabla ya kugusa sindano. Na asionje kitu chenye sukari.

"Hasa chai. Mnampa chai?"

Nikamwangalia ng'ombe.

Bila shaka tulimpa chai. Saa nne, watu wakitoka kuchuma, sufuria inachemka maziwa, majani na sukari pamoja, na chochote kinachopumua ndani ya boma kinapata sehemu yake. Kumwacha mgeni aende bila chai ni kumwambia usirudi. Paka alikuwa na kisahani chake kwangu, na kingine kwa jirani.

Huyu jirani ni mama mtu mzima. Alikuja na mume wake kutoka milima ya Kisii, wakachuma chai kwenye mashamba makubwa, wakanunua kipande cha shamba hapa. Mume alishafariki. Yeye ana kibanda kando ya njia ya kwenda kituo cha majani, anauza maziwa, mandazi na soda, na ana friji. Mimi sina friji, na insulini inataka baridi. Kwa hiyo ile chupa ikakaa kwake, katikati ya soda, nami nikawa naifuata mara mbili kwa siku.

Kuipata tu kulikuwa ni aibu. Pale duka la dawa msichana aliniuliza mgonjwa ana miaka mingapi.

"Tisa."

"Woi, pole sana baba. Ni mtoto wako?"

"Ni paka."

Mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni alikohoa mpaka akatoka nje.

Nikaenda kwa jirani na masharti.

"Mama, tafadhali, asipate chai tena."

"Hata kidogo ya kulamba?"

"Hata ya kulamba."

"Sasa akija aniangalie tu? Saa nne, watu wote wanakunywa?"

"Akuangalie tu."

"Haya. Wewe ndio baba yake."

Siku zikaenda. Mimi nadunga, yeye paka anakunywa ndoo. Sisimizi wakarudi na jamaa zao. Mke wangu alikuwa akipiga simu kila jioni, haulizi ng'ombe, haulizi magoti. "Anaendeleaje? Nikija nimkute." Siku ya saba daktari alipitia, akapima, sukari iko palepale juu.

"Unadunga vizuri? Hebu nione ukidunga."

"Daktari, mimi nimechanja ng'ombe wa kijiji hiki kabla hujaenda chuo. Nishindwe na paka?"

Huko mbele kulikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, simu inamlilia daktari mfukoni. Akaniambia basi, kama nina hakika sindano inaingia, niende yuniti mbili, na atarudi kupima. Hakika nilikuwa nayo. Kitu pekee ambacho sijawahi kukosa maishani ni hakika.

Na kama sindano inaingia na sukari haishuki, sukari inatoka wapi? Nikaona kisahani cha jirani mbele ya macho yangu. Nikashuka mpaka kibandani, saa nne barabara, wachumaji wamejaa na vikapu vyao.

"Mama, unaniulia paka."

"Mimi?"

"Unampa chai."

"Tangu uniambie sijampa hata tone. Anakaa hapo analia, mimi nageuza uso."

"Kwa hivyo sukari anaitoa kwa hewa?"

Wachumaji wakatua vikapu chini ili wasikie vizuri. Yule mama alifuta mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni, polepole.

"Baba Paka, nenda."

Nikaenda, nimeshinda. Nikafika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba jioni lazima nirudi kuchukua dawa.

Siku tano mfululizo nilisimama mlangoni pake mara mbili kwa siku. Alinipa chupa kupitia dirisha, na hakunipa chai. Mtu wa huku anajua uzito wa jambo hilo. Nilikuwa naondoka na kile kichupa baridi mkononi, harufu ya chai yake ikinifuata mpaka kwenye ua, nikijiambia kwamba mwenye makosa huwa hivyo.

Jioni ya siku ya kumi na mbili nilimpakata paka baada ya kumdunga, na vidole vyangu vikanuka duka la dawa. Nikanusa mgongo wake. Manyoya yalikuwa yamelowa, yamegandana kama nywele zilizopakwa mafuta. Nikayapanua. Ngozi ilikuwa huko chini kabisa, safi, haijaguswa na mtu.

Mwenye akili angempigia daktari simu. Mimi niliona afadhali nirekebishe kimyakimya, na historia isijue. Kesho yake asubuhi nikatenga manyoya, nikaivuta ngozi juu kama hema, nikadunga. Paka alilia kidogo. Nikafurahi! Yuniti mbili, zote ndani. Alikuwa amekula nusu tu ya chakula chake, nikaona, nikasema nusu nayo ni chakula. Kisha nikamwachia aende zake, nikaenda kukata nyasi.

Saa nne nikasikia naitwa kutoka chini, si kwa sauti ya mtu mwenye hasira.

"Baba Paka! Kuja! Kuja haraka!"

Magoti yangu siku hiyo yalipenda safari. Nilimkuta amepiga magoti kwenye sakafu ya kibanda, paka amelala ubavu kwenye leso yake, miguu inatetemeka, macho wazi lakini hayaoni mtu. Kikombe cha chai kilikuwa kando. Mama alikuwa anachovya kidole kwenye chai, kisha kwenye bakuli la sukari, na kumpaka paka kwenye fizi, ndani ya shavu, tena na tena, bila haraka.

"Amekuja akiyumba kama mlevi," akasema bila kunitazama. "Akaanguka hapo kwa mlango. Nampa sukari. Enda uniripoti."

"Lakini mama, daktari alisema…"

"Nyamaza. Shika kichwa, isilale chini."

Nikashika kichwa. Kilikuwa chepesi kama yai. Sijui tulikaa muda gani; najua tu kwamba wachumaji waliingia, wakatuona, wakasimama nje na mvua ikiwanyeshea. Mfukoni nilikuwa na simu, na jina la mke wangu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, nami nilikuwa napanga maneno na hayapangiki. Halafu ulimi ukatoka, ukalamba kidole cha mama. Ukalamba tena. Paka akainua kichwa mikononi mwangu, akatazama kikombe.

Daktari, nilipompigia, alisikiliza mpaka mwisho. Dawa imeingia yote kwa mara ya kwanza, akasema, na sukari imeshuka kupita kiasi. Apewe chakula sasa hivi, jioni nisidunge kitu mpaka afike apime, na kutoka hapo turudi yuniti moja. Na safari hii atanitazama nikidunga, hata kama ng'ombe wote wa wilaya wanazaa.

Mama alimpa paka omena. Paka alikula zote. Ndipo ikanibidi niseme, maana alikuwa ananitazama: kwamba dawa haikuwa imeingia hata siku moja mpaka asubuhi hiyo, kwamba chai haikuwa na makosa, kwamba nilikuwa nadunga manyoya. Nilisema nikiangalia sakafu. Huko nje mchumaji mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha ili wasikie mwisho.

Yeye hakucheka. Aliinuka, akamimina chai kikombe kizima, akaweka vijiko vitatu vya sukari, akanisukumia. Na hapo tu, kikombe kikiwa mdomoni, ndipo nikakumbuka mume wake alikufa kwa ugonjwa gani. Si kwamba sikujua. Nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

"Kunywa," akasema. "Miaka tisa nilidunga mzee yangu hapa hapa, asubuhi na jioni. Wewe unakuja kwa friji yangu kila siku, unanitusi mbele ya watu, unaenda kudunga nywele. Si ungeuliza tu, mjinga wewe?"