Chumba Cheupe cha Mama

Mama aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kitshanga, nilimjengea chumba cha mbao pembeni ya nyumba yangu. Ilibaki rangi tu. Mama alitaka kahawia, ile ya udongo. Mimi, bwana mkubwa niliyeishi Goma na kuona sebule za watu, nilitaka nyeupe.

"Kahawia, Mama? Unataka kulala ndani ya kiazi?"

"Njo hiyo ninataka."

Nilipaka vipande viwili vya ubao nikamwonyesha. Nyeupe iling'aa, kahawia ilinuna. Mama akagusa kahawia kwa kidole, akafuta kidole kwenye kitenge, akarudi kuchambua maharagwe. Mtu mwenye akili angejua shauri limekwisha. Lakini mimi nimesoma, basi nikanunua nyeupe.

Siku mbili nilipaka. Jirani akachungulia: "Kaka, hii chumba iko kama ya askofu!" Nikavimba kichwa bila haya.

Mama alisimama mlangoni. "Aksanti, mutoto wangu," akasema, kisha akaburuta godoro lake mpaka jikoni. Wiki nzima akalala kule kwenye moshi, pamoja na mbuzi wawili ambao, inaonekana, walikuwa na rangi nzuri zaidi. Nilikasirika kweli. Siku ya nane nikamfuata.

"Mama, hicho chumba kimekukosea nini? Moshi utakuua!"

Hakuinua macho.

"Miaka tatu nilikuwa nafungua macho chini ya shitingi, ile turubai ya kambi. Juu nyeupe, pembeni nyeupe. Mvua ikinyesha, hiyo nyeupe inapiga kelele juu ya kichwa mpaka asubui. Sasa weye umenijengea ingine, ya mbao."

Miaka ile yote nilikuwa Goma. Nilimtembelea kambini mara nne, na mkate na sabuni mkononi, na kila mara niliwahi pikipiki ya kurudi kabla mvua haijaanza. Chini ya lile hema sikulala hata siku moja. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto.

Nikaenda kununua kahawia. Nyeupe ilikuwa mbishi, ikabidi nipake mara tatu. Ilipokauka, Mama aliingia, akakaa chini, akanyoosha miguu. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, tayari kutoka.

"Ikala kidogo," akasema, akipapasa sakafu pembeni yake. "Leo hauna pikipiki ya kuwahi."