Kitabu Alichokipenda Sahra

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo. Jana ulinijia na kitabu chako cha vita, umefurahi kwamba umeajiriwa kule Dandora, ukaniuliza utawafundishaje watoto wa kidato cha tatu maudhui ya kunusurika na kuhamishwa. Nilikujibu vibaya. Sasa keti, chai imo kwenye chupa, nikueleze kwa nini.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Mimi na mama yangu na wadogo zangu tulikuwa tunaishi kwa mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi ya reli na kupewa chumba kimoja pale Makongeni. Hatukuja Nairobi kutembea. Kule Bonde la Ufa tulikozaliwa, majirani walitugeuka wakati wa siasa, wakachoma nyumba yetu mchana jua likiwaka, na baba akabaki huko huko. Mama alitukataza kulizungumza jambo hilo nje. Tukiulizwa, tulikuwa tunasema tumekuja kutafuta shule.

Shule tuliipata, ya mabati, madirisha hayana vioo. Niliketi dawati moja na Sahra. Yeye na shangazi yake walikimbia vita nchi ya jirani, wakapata makao Eastleigh, ambako shangazi aliuza vitambaa. Sahra alitupita sote kwa umri kwa sababu vita vilimnyang'anya miaka ya shule. Kiswahili alijifunza dukani, na kwa kusoma alitushinda tuliozaliwa nacho. Tulipogawiwa riwaya moja ya watu wanaokimbia vita, kitabu kimoja watu wawili, aliniomba aende nacho kwao Ijumaa. Jumatatu alikirudisha amekimaliza.

Mwalimu wetu wa Fasihi sitamtaja jina, kwa sababu ana wajukuu. Kazi yake ilikuwa kutupa mgongo na kuandika hoja ubaoni, nasi tunanakili. Kunusurika: njaa. Kuhamishwa: kambi. Kurasa hatukuzifungua pamoja hata mara moja. Basi siku hiyo aliandika mpaka hoja zikamwishia, akageuka, akapangusa chaki mikononi.

"Kwani najisumbulia nini na tuna mkimbizi hapa hapa? Sahra, simama uwaeleze wenzako. Uliona nini huko kwenu?"

Sahra akasimama.

"Usiogope. Uliona maiti? Njiani mlikula nini?"

Darasa zima likamgeukia. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Si uongee tu, manze!" Wengine wakacheka. Mimi niliyekuwa ubavuni mwake niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa dawati, vimekaza kabisa. Nikasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, niulize mimi."

"Wewe? Wewe ni Mkenya. Umekimbia vita gani?"

"Na sisi tulichomewa nyumba. Hapa hapa Kenya. Baba yangu..."

"Kaa chini! Hiyo ni siasa. Tunasoma kitabu kuhusu vita, na nchi yetu ni ya amani. Tena usikae. Toka nje, na usirudi bila mzazi."

Unasikia, mwanangu? Uchungu wa Sahra aliutaka kwa nguvu, apambe nao somo lake. Wangu, kwa sababu ulikuwa wa hapa nyumbani, ukawa siasa.

Nilipomweleza mama, aliacha kukunja nguo za watu alizokuwa amefua. Alinikanya kwanza. "Nani alikutuma umtaje baba yako mbele ya watu wanaocheka?" Nililia sana. Nilidhani nimepoteza shule na mama kwa siku moja.

Asubuhi yake hakwenda kufua. Alijifunga kitambaa chake cha kanisani, tukaingia pamoja ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa Fasihi alikuwa ameshafika. Mama aliwaamkua wote kwa heshima, akapewa kiti, akakikataa.

"Mwalimu," akasema, "huyu binti nimemkanya nyumbani kwa yake. Sasa nakuja kwako. Huyu na yule mwenzake tuliwaleta wasome. Hatukuwaleta wasomwe. Mmoja umemlazimisha aseme naye hataki. Mwingine alipotaka kusema, umemziba mdomo. Hebu niambie, wewe unataka nini kwa watoto hawa?"

Mwalimu alimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alitazama meza. Mwishowe akasema nirudi darasani, basi. Samahani hatukuisikia, na mama hakuingoja. Aliniacha mlangoni, akaniambia, "Siku ukiamua kumsimulia mtu habari za baba yako, mchague wewe." Kisha akaenda zake Buruburu, nguo za watu zikimngoja.

Lakini upande wa Sahra wa dawati ulikuwa mtupu. Ukabaki mtupu wiki nzima. Jumamosi nikaenda Eastleigh, nikaulizia duka la shangazi yake mpaka nikalipata. Sahra alikuwa ndani, anampimia mteja kitambaa. Aliponiona alicheka, akaniketisha juu ya robota la nguo, shangazi akatuletea chai ya iliki.

"Rudi shule," nikamwambia. "Hatakuuliza tena. Mama amemshughulikia."

"Sirudi."

"Kwa sababu walicheka?"

"Kuchekwa nimezoea." Akakunja kitambaa alichokuwa amepima. "Kile kitabu nilikuwa nakipenda. Unamkumbuka yule mama anayefagia hema lake kila asubuhi, mpaka asubuhi ile anajua lori linakuja kuwahamisha tena? Mwalimu aliandika ubaoni kwamba huko ni kukata tamaa. Amekosea. Yule mama hakukata tamaa. Anafagia ili wakimwondoa, wamwondoe mahali safi, kama mtu. Nilijitayarisha kumwambia siku ile. Aliponiita jina, nilifurahi. Nilidhani anataka maoni yangu."

Nikaweka kikombe chini.

"Hakuniuliza nimefikiri nini," akasema. "Aliniuliza nimeona nini. Kwake yeye mimi sina kichwa, nina macho tu."

Hakurudi. Aliuza vitambaa na shangazi yake, kisha wakahamia nchi ya mbali, na habari zake zikakatika. Msichana aliyekisoma kitabu kile vizuri kuliko darasa zima, mwalimu akiwemo, alitoka shuleni bila mtu kujua kwamba amekisoma. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa Fasihi katika mitaa hii mpaka nikastaafu. Kila nilipofika ukurasa wa yule mama na fagio lake, nilitoa maoni ya Sahra, na nilisema ni ya Sahra.

Sasa wewe jana unaniambia mkuu wako ameagiza wale watoto waliobomolewa nyumba Mukuru wasimame siku ya wazazi, wasimulie tingatinga lilivyokuja, wageni wapige picha, eti somo la vita lipate uhai. Ukasema ni wazo zuri! Ndiyo maana nilikujibu vile, na sijuti.

Kamwambie hapana. Ukiogopa, mwambie mimi ndiye niliyekataza, aje anitafute. Kisha ingia darasani, mfungue kitabu, msome kwa sauti, na umuulize kila mtoto anafikiri nini juu ya watu waliomo. Yule wa Mukuru muulize sawa na yule wa nyumba ya ghorofa. Ubao uache mtupu mpaka wao waseme. Usiwadanganye kwamba vita na kufukuzwa ni mambo ya wenzetu, maana kuna anayekutazama anayejua si kweli. Na mtoto akikufuata baadaye kwa hiari yake akitaka kukwambia yake, weka kalamu chini, msikilize mpaka mwisho, na usiyaite siasa.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie masikio mapana kuliko sauti yako. Akuzidishie subira siku darasa likiwa kimya. Na utakapozeeka, wanafunzi wako wakikuona mjini wavuke barabara kuja kukusalimia, wasivuke kukukwepa.